Magitaa Mawili, Tumbo Moja

Aliyetukosa wiki zilizopita asijilaumu. Asogeze kiti, tumweleze upesi.

Nyasani wa Manga ni mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa, mwenye mke mmoja na gitaa moja. Mke ni Persis. Gitaa ni Kwamboka.

Gitaa hilo alilipata Nairobi ujanani, alipokuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja yenye bendi ya jazi. Mpiga gitaa wa bendi alipozeeka na vidole vikakakamaa, alimwita Nyasani akamkabidhi. "Wewe tu," alimwambia, "ndiye uliyenisikiliza bila kuniomba wimbo mwingine."

Msidhani ni gitaa la dukani. Lilichongwa kwa mkono na mzee mmoja wa ng'ambo, aliyetengeneza machache tu kisha akafa. Uso wake si bapa kama wa magitaa ya kwaya. Umechongwa ukaumuka taratibu, kama tumbo la mama ambaye mimba ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Katikati hakuna tundu la duara. Kuna matundu mawili membamba yaliyopinda kama herufi f, moja huku na moja huku. Na kwa kuwa lilivuka bahari, Nyasani alilipa jina la Kwamboka, ambalo Wagusii humpa mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya mto.

Kulipiga hajui. Hata kidogo. Hulifuta, hulinusa, hulitazama, basi.

Wiki jana alimpata mgonjwa mwenzake: Mohamednoor, muuza magodoro wa mjini Kisii. Naye ana gitaa la namna hiyo, aliloliita Lulu, na naye hajui kulipiga. Walipoyaweka sambamba juu ya godoro dukani, wakakuta fundi ni yule yule. Si hivyo tu. Mstari wa mbao ulioanzia ubavuni mwa Kwamboka ulikuja kuishia ubavuni mwa Lulu. Mti ulikuwa mmoja!

Ndugu wa tumbo moja, wamepotezana duniani, wakaja kukutana Gusii! Wanaume wazima walilia mbele ya wateja. Wakapatana kwamba dada hao wawili walale pamoja kwa Nyasani, walau usiku mmoja, wajuane. Siku ikawa Jumapili, kwa sababu Ijumaa ni ya Mohamednoor na Jumamosi ni Sabato ya Nyasani.

Jumapili hiyo ndiyo imefika.

Gari la Mohamednoor lilipanda mlima wa Manga polepole kama linalobeba mayai. Liliposimama uani, Persis alitoka kupokea wageni, akashangaa. Samsam, mke wa Mohamednoor, alikuwa amejikunyata kiti cha nyuma katikati ya mito.

"Shemeji, mbona umekaa nyuma?"

"Mbele kuna mwenyewe," akajibu Samsam.

Kweli, kiti cha mbele alikuwa ameketi Lulu, amefungwa mkanda, na kigodoro cha kukatwa maalumu kimemshika kiuno.

Wanaume walimbeba mmoja huku, mmoja huku, wakampeleka moja kwa moja chumbani kwa Nyasani. Kwamboka alikuwa tayari kitandani. Lulu akalazwa kando yake. Mapazia yalifungwa, maana jua huharibu rangi, na Nyasani akawafunika leso hadi shingoni.

Kisha wanaume wakaketi kwenye stuli mbili, wakatazama.

"Ona mabega hayo," alisema Nyasani.

"Naona."

"Ona na shingo."

"Mzee Nyasani, tafadhali. Usinilize tena."

Nyasani akainama, akanusa. "Mimi hata ukinifunga macho, Kwamboka wangu nitamtambua kwa harufu. Katika magitaa elfu."

"Harufu?" Mohamednoor akatabasamu kwa huruma. "Mimi Lulu namjua kwa uzito. Mkono wangu unamjua kuliko unavyojua sahani."

Jikoni, wake zao walikuwa wakimenya ndizi.

"Wako anapiga?" aliuliza Samsam.

"Hapigi. Wako?"

"Hapigi."

"Basi mimi na wewe tumeolewa nyumba moja," alisema Persis, wakacheka hadi kisu kikaanguka.

Hapo ndipo pikipiki ya boda boda ilipoingia uani na mama yake Persis, Mama Mong'ina, akashuka. Alikuwa na mkungu wa ndizi, kuku jike aliyefungwa miguu, na jagi la uji wa wimbi.

Mtajua kwamba mtandao wa simu pale mlimani hukatika-katika. Persis alikuwa amempigia mama yake kulalamika kuhusu upuuzi wa mumewe, lakini upande wa pili yalifika maneno machache tu: dada wawili, mapacha, walipotezana, wanakutana kwetu Jumapili. Bibi wa watu akafunga safari.

Alimkuta Samsam peke yake jikoni. Persis alikuwa ameenda kuchota maji.

"Wako wapi hao dada waliopotezana?" aliuliza Mama Mong'ina, machozi yakimlengalenga.

Samsam, aliyedhani bibi ana utani, akajibu kwa utani. "Wamelala chumbani, mama."

"Watakuwa wamechoka na safari. Nitawapelekea uji."

Sasa, Wagusii wana kitu kiitwacho chinsoni. Ni heshima na haya kati ya watu, na haya iliyo kubwa kuliko zote ni ya mama mkwe na mkwe wake. Mama mkwe hakanyagi chumba cha kulala cha mume wa binti yake. Kitanda chake ndicho kabisa hakitazami, sembuse kukikalia. Mama Mong'ina aliyajua hayo kabla Nyasani hajazaliwa. Lakini mapacha ni baraka, wanaume walikuwa nje, Mohamednoor akitawadha kwa sala ya adhuhuri na Nyasani akimshikia birika, na kule chumbani kulikuwa kimya kama kwa watoto waliolala.

Akasukuma mlango. Giza. Akaona vichwa viwili juu ya mto na leso hadi shingoni.

"Watoto wangu," akanong'ona. Akaketi ukingoni mwa kitanda, awaamshe polepole.

Mlio uliosikika ulikuwa kama wa muwa unaovunjwa gotini.

Birika lilimponyoka Nyasani. Mohamednoor alikimbia na mguu mmoja mkavu. Walipoingia ndani, walimkuta Mama Mong'ina ameshasimama ukumbini na jagi lake mkononi, anatazama picha ya kalenda.

"Mama, kumetokea nini?" aliuliza Nyasani.

"Wapi?"

"Chumbani."

"Chumba gani?"

Nyasani akaona mlango wa chumba uko wazi. Angesema nini? Akisema mama mkwe ameketi kitandani kwake, hiyo ni aibu ya ukoo. Wazee wataitwa, mbuzi atachinjwa, na jambo litasimuliwa hadi Nyacheki.

"Labda ni panya, mama."

"Panya," alikubali Mama Mong'ina. "Tena mkubwa."

Ndani, chini ya leso, dada mmoja alikuwa mzima. Mwingine shingo ilikuwa imekatika inapoungana na mabega, na ubavu mmoja umebonyea.

Mohamednoor alishika kifua. "Alhamdulillahi! Lulu wangu amepona. Pole sana, Mzee Nyasani. Kwamboka alikuwa kitu kizuri."

"Alikuwa?" Nyasani aligeuka. "Huyu mzima ndiye Kwamboka. Pole ni yako, ndugu yangu."

"Lulu nilimlaza upande wa dirisha."

"Kwamboka ndiye alikuwa upande wa dirisha. Mimi ndiye niliyemlaza, kitanda ni changu!"

Sauti zikapanda. Persis alifika na ndoo ya maji kichwani, akasikiliza, akatua ndoo.

"Si mmoja anajua kwa harufu na mwingine anajua kwa uzito?" alisema. "Basi tujaribu."

Akamfunga mumewe macho kwa kitambaa cha jikoni. Nyasani alisimama wima, akavuta pumzi kama mtu anayeingia majini. Persis akamsogezea kitu puani. Akanusa. Uso ukamlainika.

"Huyu," akasema kwa mapenzi. "Huyu ndiye Kwamboka. Harufu hii siwezi kuisahau."

Samsam alilazimika kutoka nje kucheka. Nyasani alikuwa amenusishwa mwiko wa ugali.

Zamu ya Mohamednoor ilipofika, alifumba macho, akainua gitaa zima, akalishusha, akainua lililovunjika. Akarudia. Jasho likamtoka.

"Je?" aliuliza Persis.

"Wote ni Lulu," alisema kwa sauti ndogo.

Hapo Persis alienda jikoni akarudi na panga la kukatia ndizi.

"Mfalme Sulemani alikuwa na upanga," akasema. "Mimi nina hili. Huyu mzima namkata katikati, kila mtu achukue nusu."

"Astaghfirullah!" Mohamednoor aliruka. "Usikate! Ni Kwamboka! Mpe mumeo!"

"Yaya, hapana, usikate!" Nyasani alimshika mkewe mkono. "Ni Lulu! Mpe Mohamednoor aende naye nyumbani salama!"

Persis akabaki na panga hewani, akimtazama huyu, akimtazama yule.

"Wote wawili mmekuwa mama halisi," akasema. "Sasa Sulemani angefanya nini?"

"Angewafukuza wote wawili," alijibu Mama Mong'ina kutoka ukumbini, "na uji angekunywa mwenyewe."

Hasira ikaisha. Wanaume walitazamana, wakaona aibu. Tangu wajuane, kila mmoja alikuwa amempata mtu mmoja tu duniani wa kumwelewa, na karibu wapoteane kwa sababu ya panya. Wakakubaliana: isitafutwe nani ni wa nani. Mgonjwa atibiwe kwanza.

Na fundi pekee aliyejulikana kwa mbao za kupinda alikuwa Ogoti wa Ikonge.

Ogoti hutengeneza majeneza. Majeneza yake yana mapambo pembeni na dirisha la kioo usoni, na husifiwa sana, ingawa si na wanaoyatumia. Alimpokea mgonjwa kwa mikono miwili, akampapasa shingo, akagonga mgongo kwa kidole, akasikiliza.

"Ugonjwa nimeuona," alisema. "Shida ni moja. Sijui alikuwaje kabla ya kuugua. Niachieni na huyu mzima mliyekuja naye, niwe namwangalia."

"Kumwangalia tu?" aliuliza Nyasani.

"Kwa macho."

"Hutamgusa?"

"Mzee, mimi hufanya kazi na watu walioaga dunia. Umewahi kusikia mmoja wao akilalamika?"

Mohamednoor aliwaachia dada wote wawili godoro jipya la kulalia. Wakaondoka wakigeuka nyuma kila hatua, kama wazazi waliopeleka watoto bweni.

Siku zilizofuata hazikuwa na ladha. Nyasani alichuma majani chai akaweka na mabua, hadi mpokeaji katika kituo cha kununulia akamrudishia kikapu. Kule mjini Mohamednoor alimuuzia mteja mto badala ya godoro, na mteja, kwa huruma, akauchukua. Simu zao zilikuwa fupi.

"Umepata habari?"

"Sijapata. Wewe?"

"Sijapata."

Alhamisi asubuhi Ogoti alipiga simu. Alisema neno moja, "Njooni," mtandao ukakatika.

Walifika Ikonge wote wawili. Ogoti alisimama mlangoni mwa karakana, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Bila kusema kitu alivua kitambaa mezani.

Mgonjwa amepona!

Shingo ilikuwa imekaa. Ubavu umenyooka. Nyasani alipitisha kidole pale palipokatika, akapita, akarudi, asione kovu. Mohamednoor alimkumbatia Ogoti akamnyanyua kutoka ardhini.

"Mungu akubariki, fundi! Mikono hii! Mikono hii!"

"Nilijitahidi," alisema Ogoti, akiwa bado hewani.

"Na yule mzima yuko wapi?" aliuliza Nyasani, akifuta machozi.

Ogoti akashushwa chini. Akajikuna shingo.

"Yule mzima nilimfungua."

Nyasani akaacha kufuta machozi.

"Ulimfanya nini?"

"Nilimfungua. Nisingejua ndani mbavu zimekaaje bila kufungua. Mgonjwa alikuwa amebonyea, sasa ningejifunza kwake nini? Ndiyo nikamfungua mzima, nikaona, nikaelewa, nikamtibu mgonjwa. Si mmeona alivyopona?"

"Ulimpasua asiyeumwa!" Mohamednoor aliketi juu ya jeneza ambalo halijapakwa rangi.

"Msiogope. Nimemfungua kwa mvuke, taratibu, hakuna kilichovunjika. Leo ndiyo siku ya kumfunga. Gundi hii hapa. Mgongo huu. Mbavu hizi. Shingo ile, ukutani. Na uso, ule uliochongwa, nimeuweka..."

Akageuka kulia. Akageuka kushoto. Mahali alipokuwa akitazama palikuwa na stuli mbili na nafasi tupu kati yake.

"Emily!" aliita. Mkewe akachungulia kutoka nyumbani, mikono ina unga. "Lile jeneza la mama wa Nyacheki liko wapi?"

"Si wamelichukua alfajiri? Ulikuwa umeenda kununua gundi. Wanamzika leo."

Ogoti akaketi kando ya Mohamednoor.

"Uso ulitakiwa kulala mahali bapa na pakavu," alisema akitazama miguu yake. "Na kuku wa Emily huingia humu. Nikaona niuweke ndani ya jeneza, chini ya kile kitanda cha sponji. Mahali pazuri kabisa. Nikalibandika kifuniko."

Nyasani ndiye aliyeelewa wa kwanza. Miguu yake ilianza kukimbilia gari kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Kutoka Ikonge hadi Nyacheki si mwendo wa kuomba chumvi kwa jirani. Mohamednoor, aliyepanda Manga kama aliyebeba mayai, siku hiyo aliendesha kama aliyeibiwa. Kila kona Ogoti aliteleza kiti cha nyuma kutoka mlango hadi mlango.

"Yule mama alikuwa mnene?" aliuliza Nyasani.

"Nilipewa vipimo. Alikuwa wa kutosha."

Nyasani akafumba macho.

"Sponji ni nene," Ogoti alimfariji.

"Sponji za wapi?" aliuliza Mohamednoor, biashara ikimshinda huzuni.

"Za kawaida."

"Ya Rabi."

Walifika jua likiwa limeegemea upande wa machweo. Migomba na hema, watu wamejaa hadi kwenye shamba la chai, sufuria zikifuka moshi nyuma ya nyumba. Jeneza lilikuwa mbele, juu ya stuli, limefungwa. Kaburi lilikuwa wazi hatua chache tu kutoka hapo, na vijana wenye majembe walikuwa wamekwisha kula.

Ogoti alipoona watu wanamtambua na kumpungia, alisema anaenda kujisaidia, akapotelea upande wa sufuria.

Msema chochote alikuwa kijana mmoja aitwaye Mokua, mwenye suti ya kung'aa na kipaza sauti asichotaka kukiachia. Nyasani akamwendea kwa kunyata.

"Kijana, bwairire, habari za jioni. Naomba nimwone marehemu. Kidogo tu."

"Kutazama mwili kumeisha, mzee. Wewe ni nani wa marehemu?"

Swali hilo Nyasani hakuwa amelifikiria. Alitazama jeneza. Aliwaza ule uso uliochongwa na mkono wa mtu aliyekwisha kufa, ukilala gizani chini ya mama asiyemjua, dakika chache kabla ya udongo. Machozi yakamtoka, ya kweli kabisa.

"Nimetoka Manga," ndilo lililomtoka mdomoni.

Mokua aliyaona machozi, akaguswa. Tena alipenda mambo ya kugusa, kwa kuwa hufanya mazishi yasifiwe.

"Wazazi, mtulie!" alitangaza. "Tuko na mgeni ametoka mbali, huko Manga, na mnaona vile analia. Anaomba kumwona mama yetu mara ya mwisho. Hebu kwanza atuambie walijuana aje."

Kipaza sauti kikatiwa mkononi mwa Nyasani.

Vichwa vikageuka. Mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto, mume wa marehemu, mzee mmoja mrefu aitwaye Nehemiah, aligeuka wa mwisho, polepole.

Nyasani ni mzee wa kanisa. Kwenye kipaza sauti hajawahi kusema uongo, na hakuona kwamba pale ndipo pa kuanzia.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Ndugu zangu, mama huyu sikumjua."

Minong'ono ikaanza nyuma.

"Lakini ameondoka na kitu changu."

Minong'ono ikakoma. Hata wapishi walisimama.

"Sisemi kwa ubaya," Nyasani aliharakisha. "Yeye mwenyewe hana kosa. Amelalia tu. Mnifungulie kidogo, nitie mkono hapo chini yake, nichukue kilicho changu, kisha tuendelee na maombi."

Mama mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Mohamednoor, akiwa ameegemea nguzo ya hema, alimpungia mwenzake mikono yote miwili anyamaze, lakini mtu aliyeanza kusema ukweli ni kama gari kwenye mteremko wa Manga.

"Ni nini hicho unachodai?" Mokua aliuliza.

"Ni mpenzi wa roho yangu," alisema Nyasani, akilia waziwazi. "Nimeishi naye tangu ujana wangu Nairobi. Mke wangu anamjua. Nimekuja kumchukua Kwamboka wangu nirudi naye nyumbani!"

"Au Lulu!" Mohamednoor alishindwa kuvumilia. "Haijulikani bado! Huenda ni wangu!"

Hakuna aliyemsikiliza. Watu wote walikuwa wakimtazama mzee Nehemiah.

Nyasani naye akatazama, kisha akafuata macho ya mzee yule hadi kwenye msalaba wa mbao uliosubiri kando ya kaburi. Herufi nyeupe zilikuwa bado hazijakauka vizuri. Akasoma jina la ubatizo, Celestine. Akasoma la pili, la nyumbani, lile ambalo mama huyo alipewa alipozaliwa ng'ambo ya mto.

Kwamboka.

Nehemiah aliinuka. Wanawe wakainuka naye, wanaume watano wenye mabega kama milango, lakini akawaashiria waketi. Alitembea na fimbo yake hadi mbele ya Nyasani, akasimama, akamkagua kuanzia viatu hadi kofia. Kisha akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti, kwa upole, kama anayepokea kikombe.

"Nairobi," alisema. "Mke wangu aliwahi kukaa Nairobi kabla sijamwoa. Maisha yake yote nilimuuliza kulikuwa na nani huko. Maisha yake yote alinijibu hakukuwa na mtu."

Akawageukia vijana wenye majembe.

"Fungueni hilo jeneza. Nataka kuwauliza wote wawili wakiwa pamoja."